Uwakili wa mali na moyo wa kuridhika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa Mkristo mwenye mshahara, biashara ndogo au shamba, anayetaka kujua afanye nini na fedha inayopita mkononi mwake. Hesabu ni za shilingi ya Tanzania. Madhehebu hayafanani katika kila jambo. Pale yanapotofautiana tumesema hivyo, kisha tukasema na sisi tunaegemea wapi.

Uwakili si jina jingine la sadaka?

Hapana. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine aiendeshe kwa niaba yake, na siku moja ataitwa kutoa hesabu. Yusufu katika nyumba ya Potifa alishika kila kitu na hapakuwa na chake hata kimoja. Zaburi 24:1 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na Paulo anaongeza katika 1 Wakorintho 4:2 kwamba kinachotakiwa kwa wakili ni uaminifu. Kwa hiyo katika kila shilingi mia, uwakili unahusu zote mia, si zile kumi za zaka peke yake. Aliyetoa zaka kamili lakini dada wa kazi hajamlipa miezi miwili hajawa wakili mwema bado.

Watu wengi husoma mfano wa talanta wakidhani yule wa tatu alipewa kijisenti. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama Mathayo 20 inavyoonyesha. Huo ni ujira wa karibu miaka 20. Kosa lake halikutokana na uchache wa alichopewa.

Kuridhika kuna tofauti gani na kukata tamaa, au na uvivu?

Mvivu hataki kulima. Aliyekata tamaa amelima lakini haamini kwamba kitaota kitu. Aliyeridhika analima vizuri, anavuna, na anajua ni magunia mangapi yanamtosha. Kiswahili kina neno la zamani kwa hali hii: kinaa.

Paulo aliandika Wafilipi 4 akiwa kifungoni. Maneno yake katika mstari wa 11 ni "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo". Shikeni hilo "nimejifunza". Hakuzaliwa nalo wala hakulipata kwa kuwekewa mikono siku moja. Mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", hubandikwa kwenye daladala na fremu za maduka kana kwamba ni ahadi ya kufanikiwa katika kila mradi. Ukiusoma pamoja na mstari wa 12, mambo anayoyaweza ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mtume huyohuyo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Zaka nitoe kwenye mshahara kabla ya makato au baada?

Chukua mshahara wa 800,000 katika kampuni binafsi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hapo ni 20,000 na 40,000, jumla 60,000. Mkononi unapokea 660,000.

Ukihesabu kwenye mshahara ghafi, zaka ni 80,000. Ukihesabu kwenye unachopokea, ni 66,000. Biblia haikuandika neno PAYE, na hakuna haja ya ndugu kuhukumiana hapa. Sisi tunaegemea mshahara ghafi kwa sababu moja ya kihesabu: michango ya NSSF ni mali yako inayokusubiri. Anayetoa kwenye 660,000 basi akumbuke kutoa pia siku mafao yatakapolipwa, na wengi husahau.

Kinachokosewa zaidi ni kuondoa makato ambayo si kodi. Mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hapa 120,000. Huo ni mkopo ulioutumia, vivyo hivyo na marejesho ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) na mkopo wa benki. Ukiyaondoa yote kabla ya kuhesabu, kadiri unavyokopa ndivyo zaka inavyopungua.

Mimi nina biashara. Zaka ni ya mauzo au ya faida?

Ya faida. Mama lishe anayeuza chakula cha 90,000 kwa siku hajapata 90,000. Mchele, maharage, mafuta, mkaa, nyama, ushuru na msaidizi vikichukua 68,000, faida ni 22,000 na zaka ni 2,200. Tumeona biashara zikifa kwa kutoa 9,000 kwenye mauzo kila siku. Ndani ya wiki chache mtaji unakuwa umeliwa na mwenye biashara anadhani amelogwa.

Kosa la upande wa pili ni kutojua faida kabisa. Fedha ya biashara na ya nyumbani zikikaa kwenye pochi moja, unga wa nyumbani unanunuliwa kwa mtaji na mwisho wa mwezi hakuna hesabu ya kutolea. Tumia daftari la safu nne: tarehe, mauzo, matumizi ya biashara, ulichojilipa mwenyewe. Weka mauzo kwenye laini moja ya simu na fedha ya nyumbani kwenye laini nyingine. Bodaboda aondoe mafuta, hesabu ya tajiri na fungu la matengenezo kabla ya kusema amepata kiasi gani. Tairi likiisha si dharura, lilikuwa linaisha kila siku.

Na mkulima?

Kumbukumbu la Torati 14:22 inataja mazao yenyewe, na sharika nyingi bado hupokea mahindi, ndizi, mayai na kuku, kisha huuzwa kwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Ukivuna magunia 20 na gharama za mbegu, mbolea na vibarua ni sawa na magunia 6, msingi wako ni magunia 14. Zaka ni gunia moja na debe mbili na nusu hivi. Wapo wanaotoa kwenye magunia yote 20 bila kuondoa gharama, hasa wanapotumia mbegu yao wenyewe na nguvu za nyumbani. Ni sawa pia.

Kabla ya kuuza, tenga zaka, chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo, na mbegu. Familia nyingi huuza karibu yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, kisha zinanunua mahindi yaleyale Januari na Februari kwa bei ya juu. Chungu wa Mithali 6 hujiwekea chakula wakati wa mavuno.

Nitajuaje kiasi kinachonitosha?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyotangulia, na wengi hawaliulizi. Huuliza nitoe kiasi gani, hawaulizi nitumie kiasi gani. Mithali 30:8 inaomba, "Usinipe umaskini wala utajiri, Unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Katika Kutoka 16 mana ilikusanywa kwa kadiri ya ulaji wa kila mtu, na iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia mabuu. Kadiri isipoandikwa kwa tarakimu kabla fedha haijaingia, haipo. Mapato yakipanda nayo hupanda, na kila mara utahisi kwamba bado kidogo tu.

Kaa na karatasi, na kama una mwenzi mkae wote wawili. Kwanza andika mlichotumia kweli kwa siku 30 zilizopita. Rekodi ya miamala ya simu itawakumbusha mengi mliyosahau. Pili, tafuta gharama zinazokuja mara chache kwa mwaka, mzigawanye kwa miezi. Mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita ya 720,000 anakudai 120,000 kila mwezi, hata kama hagongi mlango. Tatu, panga upya kuanzia sifuri.

Kwa yule wa 660,000 aliyetoa zaka 80,000, zinabaki 580,000. Mpango mmoja unaowezekana ni huu: kodi ya nyumba 120,000, chakula 210,000 kwa maana ya 7,000 kwa siku, nauli 40,000, shule na nguo 50,000, umeme, maji na gesi 45,000, wazazi 30,000, michango ya jamii 30,000, akiba ya dharura na matibabu 40,000, bando 15,000. Inaisha pale pale. Hapo hakuna televisheni mpya wala kiwanja, na mtu asione aibu. 1 Timotheo 6:8 imeweka msingi kwenye chakula na nguo.

Mpango wa namna hii huharibikia sehemu tatu. Ya kwanza ni chakula cha nje na soda, ambavyo havikuandikwa. Ya pili ni ada ya Januari iliyosahaulika. Ya tatu ni akiba kubaki kwenye simu ileile inayolipia bando. Ihamishe siku ya mshahara kwenda mahali ambapo kuitoa kunahitaji hatua. Lenga kwanza fedha ya mwezi mmoja wa matumizi ya lazima, baadaye mitatu.

Mshahara ukipanda je?

Amua mgawanyo kabla ya ongezeko la kwanza kuingia. Kwa mfano, nusu kwa akiba na madeni, robo kwa utoaji, robo kwa nyumba. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti huko Uingereza katika karne ya 18, anakumbukwa kwa hesabu kali zaidi. Mwaka alioingiza pauni 30 aliishi kwa pauni 28 akatoa 2. Kipato kilipofika 60, aliishi kwa zilezile 28 akatoa 32. Kilipofika 90 akatoa 62, na kilipofika 120 akatoa 92. Alikuwa kijana asiye na watoto wa kusomesha, kwa hiyo usimwige kwa tarakimu. Muige katika hili: 28 aliijua, na haikusogea kwa sababu tu mfuko ulijaa.

Nina madeni. Nitoe zaka au nilipe deni kwanza?

Kuna madhehebu yanayofundisha kwamba zaka haisubiri deni lolote, nasi hatuwazuii wanaoweza kufanya yote mawili. Tunalosisitiza ni kwamba usikope ili utoe. 2 Wakorintho 8:12 inasema utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kama deni limekukaba mpaka watoto hawali, zungumza na mchungaji au padre wako, toa kidogo kwa uaminifu, na uweke tarehe ya kurudi kwenye fungu kamili.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, tazama hesabu. Umekopa 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Ukilipa riba tu, ni 90,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita umetoa 540,000 na bado unadaiwa 300,000. Hakuna biashara ya genge itakayozaa faida ya kuilisha riba hiyo.

Orodhesha madeni yote, likiwemo la dukani kwa Mangi na lile la ndugu ambalo halina karatasi. Andika kiasi, riba na tarehe. Acha kukopa kipya, pamoja na ile mikopo ya simu ya kumalizia muamala, maana ndiyo inayorudi kimyakimya kila mwezi. Elekeza kila shilingi ya ziada kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote huku mengine ukiyalipa kima cha chini. Kama SACCOS yako inakopesha kwa riba ndogo, kuhamishia deni huko kunasaidia, ila tu kama ule mlango wa kwanza umeufunga. Na wadai wasiotoza riba waendee mapema, kabla tarehe haijapita. Ndugu akikuona ukikimbia kona, imani anayoipoteza ni kubwa kuliko 50,000 yake.

Neno kuhusu dhamana: katika VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, mwenzako akishindwa, ninyi mnalipa. Mithali 6:1-5 inamwambia aliyejifunga kwa dhamana akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Usimdhamini mtu kwa kiasi ambacho huwezi kukipoteza.

Michango ya harusi na misiba inanimaliza. Mkristo anaruhusiwa kukataa?

Anaruhusiwa kupanga. Msiba na ugonjwa vipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa havikuchagua tarehe. Harusi, vikao vya kuagana na sherehe za kuzaliwa zifuate fungu mlilotenga. Likiisha, limeisha mpaka mwezi ujao, na mtu aambiwe mapema badala ya kuandika ahadi kubwa kwenye kadi na kuzima simu. Ahadi usiyoilipa huiachia kamati deni la ukumbi. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo shangazi. Nimepokea kadi ya harusi ya dada, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwaka huu nimepanga mchango wa 30,000, nitautuma tarehe 28 mshahara ukitoka. Siku ya shughuli nitafika asubuhi nisaidie jikoni."

Wazazi hawamo kwenye fungu hili. Katika Marko 7:9-13 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama. Anayeacha dawa ya presha ya mama ili aonekane kwenye orodha ya wajenzi wa kanisa anarudia kosa lilelile.

Nimeambiwa nipande mbegu ya kiasi fulani ili Mungu anirudishie mara mia. Ni kweli?

Hapana, si kwa namna hiyo. Mungu hubariki watoaji, nasi tunaliamini hilo kwa moyo wote, lakini baraka haina bei wala tarehe ya mwisho. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, na Gehazi aliyeifuata kwa siri alipata ukoma. Petro alimwambia Simoni fedha yake ipotelee mbali pamoja naye kwa kudhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali.

Simama ukisikia kiasi maalumu kinachodaiwa kufunuliwa kwa ajili yako, muda wa kupungua kama "kabla ya saa sita usiku", laana kwa asiyetoa, namba binafsi ya simu badala ya akaunti ya kanisa, au ukihimizwa kutoa kodi ya nyumba na ada. Dalili moja ikitosha kukutia shaka, lala kwanza. 2 Wakorintho 9:7 inataka mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, na kukusudia kunahitaji muda.

Kuna kisa ambacho hakihubiriwi vya kutosha. Katika Kutoka 36:5-7, mafundi wa maskani walimwambia Musa watu wameleta kupita kiasi, naye akapiga mbiu kambi nzima wasilete tena. Kiongozi aliyejua kazi inahitaji kiasi gani aliweza kusema imetosha.

Tutahakikishaje fedha ya kanisa iko salama?

Paulo alipopeleka mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwamba alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Sadaka ihesabiwe siku ileile, na watu watatu wasio ndugu, ndani ya kanisa. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote wasaini kabla yeyote hajatoka. Ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata ikiwa nzima. Matumizi yatoke benki kwa saini mbili, kila moja na stakabadhi yake. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila robo mwaka.

Wizi mkubwa mara nyingi huanza na jambo lenye nia njema: mhazini anachukua 20,000 kwenye kapu kumpa nauli mwinjilisti mgeni, bila karatasi. Baada ya mwezi hakuna anayejua ni kiasi gani kiliingia. Kuomba taarifa si kumshuku mtumishi. Kunamkinga.

Nikifungua simu naona wenzangu wanajenga na kununua magari. Nifanyeje na wivu?

Amri ya kumi inamkataza mtu kuitamani nyumba ya jirani yake, na sasa jirani amekuwa kila mtu mwenye simu. Kumbuka kwanza kwamba unaona gari, huoni marejesho yake.

Weka daftari la siku 30. Kitu chochote kinachozidi 50,000 ambacho si chakula, dawa wala shule, kiandike na tarehe, usikinunue. Siku 30 zikipita na bado unakihitaji, na fedha ipo bila kukopa, nunua na ushukuru. Vingi utavikuta umevisahau, na kuvifuta kwa kalamu kunafundisha kuliko mahubiri. Akaunti zinazokuacha na uchungu kila ukizitazama ziondoe. Kila wiki tembelea mtu mmoja, mgonjwa au mzee, bila kupiga picha. Na kitu kimoja kizuri ulichonacho, shati au vyombo, kitoe kikiwa bado kizuri. Kutoa kilichochakaa hakugusi mshiko wa mali moyoni.

Mwenzi wangu hataki nitoe.

Usitoe kwa siri kutoka fungu la pamoja. Anza na sehemu iliyo yako na umwonyeshe hesabu zote, pamoja na zile zinazokuaibisha. Mara nyingi kinachopingwa si sadaka, ni kutokujua fedha inakwenda wapi.

Je, wosia ni sehemu ya uwakili?

Ndiyo, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote kwa hofu ya kujiitia kifo. Andika mali zote na zilipo hati zake, madeni unayodaiwa na unayodai, nani atalea watoto wadogo, na kama kuna fungu la kanisa au maskini, litaje kwa kiasi. Usimwache mjane wako akigombana na ndugu juu ya nyumba aliyoijenga pamoja nawe. Andika tarehe, usaini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili ambao si warithi, nao wasaini. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi zaidi, kwa hiyo aende kwa mwanasheria. Tanzania Bara, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Ukioa, ukipata mtoto au ukiuza kiwanja, urekebishe, na mwambie mtu mmoja mwaminifu mahali wosia ulipo.